Gia ya Tatu Inashika

3 Februari

Kaka,

Salamu zimo humu ndani, zitafute mwenyewe. Nikianza kumsalimu mmoja mmoja karatasi itaisha kabla sijasema shida yangu, na shida yangu ni nzito, imebebwa na watu wawili.

Dereva wa lori la viazi atakushushia mzigo uliofungwa kwenye gunia. Usidhani nimekutumia zawadi. Ni giaboksi ya gari la marehemu shemeji yako. Tumeishusha juzi, mimi na fundi wa hapa, ambaye mpaka mwaka jana alikuwa fundi wa baiskeli na bado akiinama chini ya gari unaona anatafuta pedali. Aliilaza kwenye turubai, akaifuta, akaizunguka, halafu akasema, "Mama, hii siifungui. Nikiifungua sitajua kuifunga." Nilimheshimu kwa hilo.

Shida yenyewe ni gia ya tatu. Inaruka. Nikiwa napanda haina neno. Nikianza kushuka mteremko wa kutoka shule, nikatoa tu mguu kwenye mafuta, gia inajirudisha yenyewe katikati na gari linakuwa mali ya mlima. Breki ninazo, lakini unajua breki za gari lile ni za zamani kama mwenyewe. Na nyuma sijapakia mizigo, Kaka, nimepakia watoto wa watu. Asubuhi nawapandisha shule, jioni nawashusha, na mzazi wa hapa bondeni ambaye hajanikabidhi mtoto wake labda hajazaa. Halafu kuna mlio. Unalia gia zote, ukiingia ya nne unanyamaza.

Fundi wa hapa alitaka tuipeleke kwa wenye mashine. Nikamwambia yupo mtu mmoja, jina lake la kazi ni Ukucha. Anapitisha ukucha kwenye jino la gia na kukwambia limebakiza maisha kiasi gani, na mtu huyo tumenyonya ziwa moja. Wazazi wote nimewaambia hivyo. Kwa hiyo usiniaibishe.

Jambo dogo la mwisho. Barua yako iliyopita ilinitoa jasho kuisoma. Wewe ndiye yule ambaye mwalimu alikuwa anautundika mwandiko wake ukutani, sasa unaandika kama kuku kapita na matope. Umezeeka, au siku hizi unaandika kwa mguu?

Wifi msalimie sana.

Mdogo wako,
Chiriku

14 Februari

Chiriku,

Mzigo umefika na umeshafunguliwa. Kuhusu mwandiko, ni kalamu. Kalamu za siku hizi hazifai.

Ungekuwepo ungeona. Unajua desturi ya gereji yetu: giaboksi ikifunguliwa, kila mtu anaweka chini kazi yake. Tunatandika magunia mawili. La kulia ni la wanaoishi, la kushoto ni la waliokufa. Mimi nakaa kwenye kiti changu, kila kipande kinapita mkononi mwangu, napitisha ukucha, natoa hukumu, na hakuna anayefungua mdomo mpaka nimalize. Hata wateja wananyamaza. Mmoja aliwahi kuvua kofia.

Safari hii tulikuwa na jirani mpya, fundi aliyehamia banda la pili. Wanamwita Vipimo, kwa sababu hawezi hata kukata kucha bila fila geji, kile kifungu cha vibamba vyembamba vya chuma cha kupimia nafasi. Nilipofika kwenye gia yako ya tatu, huyo bwana akaninyooshea geji yake mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Hiyo ni fimbo ya kipofu, rafiki yangu. Mpelekee kipofu." Gereji nzima ilicheka mpaka mtu akamwaga mafuta.

Sasa hukumu. Beringi ya nyuma ya shafti ya chini imekufa, ndiyo iliyokuwa inakulilia. Ringi za shaba za gia ya pili na ya tatu zimekwisha, ukizibana kwenye koni yake na kuzungusha zinateleza tu badala ya kuuma. Nimeweka mpya. Foki inayosukuma gia ya tatu na ya nne imelika upande mmoja, na hilo ni kosa lako wewe: unaendesha umelaza mkono juu ya gia kama umeukodisha. Nimebadilisha. Gia ya pili inaishi. Ya tatu yenyewe, yale meno madogo ya ubavuni ambayo ndiyo yanayoshikwa gia inapoingia, nayo yanaishi. Nilikawia kidogo hapo kwa sababu ya kelele za nje, lakini nimeyapitisha.

Mwambie fundi wako wa baiskeli akaze bolti kwa zamu, asikaze upande mmoja mpaka mwisho ndipo aende wa pili. Mafuta mapya, na usimruhusu atie ya injini.

Wazazi waambie watoto wao wako mikononi mwangu.

Kaka yako,
Ukucha

15 Februari

Wifi yangu,

Naandika huku nimetega sikio mlangoni. Kaka yako akiingia nitasema naandika mahitaji ya dukani.

Giaboksi yako imeondoka leo na lori, pamoja na barua yake. Najua imeandikwa nini kwa sababu alinisimulia yote wakati wa chakula, isipokuwa yeye hakula.

Wifi, mikono ya kaka yako imekufa ganzi. Si mikono yote, ni vidole. Ilianzia ncha, sasa inapanda. Kabla mzigo wako haujafika alishika kifuniko cha birika jikoni, kikiwa kimetoka motoni, akaendelea kunisimulia habari za mteja mmoja msumbufu. Harufu niliisikia mimi. Hakuwa anajikaza. Hakujua. Vifungo vya shati namfunga mimi kila asubuhi, na wote wawili tunajifanya ni mapenzi. Zahanati hataki kusikia. Anasema atakaaje foleni pale, watu wanamjua kwa mikono hiyohiyo.

Siku aliyofungua giaboksi yako alirudi akakaa kitandani na viatu. Nikamuuliza imekwendaje. Akasema vizuri. Halafu akaanza kusugua ukucha kwenye ukingo wa kitanda, anasugua anasikiliza, anasugua anasikiliza. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, na nguo nilikuwa nimeshaanua.

Mimi gia sizijui. Inawezekana kazi ni nzuri, ameifanya maisha yake yote, labda mikono inakumbuka. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukishaifunga, mwandikie neno zuri. Duniani haogopi mtu kama anavyokuogopa wewe mdogo wake. Akisikia kwako kwamba amefaulu, atapata moyo, na akipata moyo nitamsukuma aende kutibiwa. Akisikia vingine, Wifi, sijui kama atanyanyuka.

Barua hii ichome.

Wifi yako

4 Machi

Kaka,

Giaboksi imefika na imefungwa. Gia ya tatu inashika. Mlio umekwisha kabisa, gari limenyamaza mpaka nasikia watoto wanavyonisengenya huko nyuma. Wazazi wanakushukuru. Fundi wa hapa amesema hajapata kuona kazi kama hii.

Wewe bado ni Ukucha. Sasa pumzika kidogo, na upite zahanati wakupimepime, sote umri umeshatutembelea.

Nisamehe kwa ufupi, watoto wananingoja.

Chiriku

4 Machi

Wifi,

Barua yako niliichoma. Na hii ichome, maana nimetoka sasa hivi kumwandikia ndugu yangu wa tumbo moja uongo mtupu, na wino haujakauka. Nilitaka kuandika neno moja zuri kama ulivyoniomba. Nikaandika moja, likahitaji la pili kulishikilia, mwisho nikajikuta hata shukrani za wazazi nimezitunga.

Mlio kweli umekwisha. Beringi na foki kazi safi, sina neno. Lakini siku ya kwanza nilishuka na gari tupu kulijaribu, na pale pale kwenye kona ya siku zote gia ya tatu ikaruka. Fundi wa hapa akafungua kifuniko cha juu, akachungulia, akaniita na mimi nichungulie. Yale meno madogo yanatakiwa yawe na ncha, kama paa la nyumba. Ya kwetu yamekuwa mviringo, laini, hayana cha kushikia. Akanionyesha kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nguo ya ndani ya mtu mwingine. Akasema, "Mama, hata mimi wa baiskeli naliona hili." Nikamwambia funga, na ukimwambia mtu utanijua mimi ni nani. Maskini, hajanikosea kitu.

Sasa naishi hivi. Mteremko naushuka kwa gia ya pili, injini inalia bonde zima linasikia. Juzi hata ya pili ilijirudisha mara moja. Nimeifunga gia kwa mkanda wa suruali wa marehemu, naubana kwa goti. Watoto nawateremsha kwenye kibao cha shule, nawaambia ni mazoezi ya mwili, wanashuka kwa miguu mimi natangulia na gari tupu. Jana mzazi mmoja alinisimamisha akaniuliza kwani mtoto wake amekuwa mwanariadha lini. Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni kwa aibu, mtu mzima mimi.

Lakini wewe mfurahie mumeo. Na umpeleke zahanati upesi, Wifi. Mimi nimetimiza langu.

Chiriku

17 Machi

Chiriku mdogo wangu,

Barua yako imebandikwa ukutani gereji, juu ya benchi, kila anayeingia anaisoma. Vipimo ameisoma mara mbili, akarudi bandani kwake.

Sasa nakwambia jambo ambalo sikutaka kukwambia. Siku ile ya giaboksi yako niliogopa. Vidole vyangu vina baridi kidogo siku hizi, ni hali ya hewa, na nilipopitisha ukucha kwenye ya tatu sikusikia kitu. Kama nimepitisha kwenye sabuni. Nikarudia. Kimya. Watu wote wananiangalia, Vipimo kaninyooshea kile kidude chake, na mimi nimekaa na gia mkononi kama mtu aliyesahau jina la mtoto wake. Nikasema inaishi, kwa sababu ilibidi niseme kitu. Tangu siku ile mpaka barua yako ilipofika usingizi sikuupata. Kila lori la viazi likisimama nilidhani limeleta habari ya watoto kuanguka.

Kumbe inaishi kweli. Unaelewa maana yake? Mkono unajua hata pale ambapo mimi nadhani haujui. Nilikuwa najitesa bure. Kwa hiyo nimeacha kuogopa. Kipande nikikisikia nakihukumu kwa ukucha, nisipokisikia nakihukumu kwa moyo, na moyo haujanitupa.

Wiki hii zahanati wameniletea giaboksi ya gari lao la wagonjwa. Walitaka kumpa Vipimo. Mganga mkuu akaja mwenyewe kuuliza, akasoma barua yako ukutani, akasema basi, ni wewe. Nimeimaliza jana. Magunia mawili, watu wamejaa, sikukawia hata kidogo. Gari limeshatoka, nimelisikia likipanda barabara ya hospitali kubwa, limetulia kabisa.

Zahanati nitakwenda siku moja, lakini kwa nini sasa? Umenitibu wewe. Mke wangu nilipomsomea barua yako alilia, sijui wanawake mna nini.

Kaka yako,
Ukucha

21 Machi

Kaka,

Barua hii nimemkabidhi dereva wa lori mkononi, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine yeyote. Kaa chini kwanza.

Gia ya tatu haishiki. Haikushika hata siku ya kwanza. Nilikudanganya. Beringi, ringi, foki, hayo umeyafanya kama ulivyozoea kuyafanya. Lakini meno madogo ya gia ya tatu yamekwisha, yamekuwa mviringo, nimeyaona kwa macho yangu mchana kweupe. Hata ya pili siiamini tena. Watoto wanashuka mlima kwa miguu. Mimi nashuka na gari tupu, gia nimeifunga kwa mkanda.

Habari za vidole vyako nilikuwa nazijua kabla sijaandika. Usimuulize mkeo. Aliogopa, nami nikaogopa, nikakuvisha kilemba cha ukoka. Nilidhani uongo ni wangu, nitaulipa mimi mwenyewe, huku mlimani kwangu, na gari langu. Haikunipitia kichwani kwamba utauamini mpaka uutumie kupimia kazi nyingine. Uliposema kipande usichokisikia unakihukumu kwa moyo, nililazimika kuiweka barua chini. Kaka, siku ile hukusikia kitu kwa sababu vidole havisikii. Mkono haukujua. Ni mimi tu niliyesema unajua.

Lisimamishe gari la zahanati. Hata kama linakwenda vizuri, hata kama mganga mkuu atakuona mwendawazimu. Lifunguliwe, na apime mtu mwenye vidole au mwenye geji. Barua yangu ibandue ukutani, na ukiulizwa sema dada yako ni mwongo, ndivyo ilivyo.

Naona aibu kukuandikia haya, wewe uliyenifundisha gia nikiwa sijafikisha miguu kwenye klachi. Lakini aibu inayoniua ni nyingine. Wale watoto niliwashusha garini. Nilijua hatari iko wapi, nikawaondolea watoto wa jirani zangu, halafu nikashika kalamu nikakupa wewe ruhusa ya kuwapakia wagonjwa.

Nijibu haraka. Hata kwa matusi.

Chiriku

2 Aprili

Mdogo wangu,

Mwandiko unaouona ni wa mke wangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Kuna sehemu inayomhusu yeye na barua mliyoichoma, amekataa kuiandika, hiyo tutaizungumza nikifika na sote tutatazama chini.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Gari la zahanati lilikuwa limeshaanguka Jumamosi.

Lilikuwa na mama mwenye uchungu wa uzazi. Katikati ya mlima wa hospitali kubwa gia ya pili iliruka, gari likaanza kurudi nyuma, dereva akaligeuzia kingoni likalala ubavu kwenye udongo. Yule mama walimbeba kwa machela mpaka juu. Amejifungua, yeye na mtoto ni wazima. Nesi aliyekuwa naye amevunjika mkono.

Jumatatu mganga mkuu alikuja gereji. Akaniuliza swali moja tu, je, ni giaboksi au ni dereva? Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, barua yako iko ukutani nyuma ya kichwa changu. Nikasema giaboksi imepita mikononi mwangu, na dereva yule anashika gia kama anang'oa jino. Watu wakacheka, unajua wanavyonichekea. Kabla ya jioni dereva alikuwa amemwaga unga.

Kesho yake ikaja yako.

Nitakwambia yote, ili nisibaki na kitu cha kuficha. Nilipoisoma nilikasirika. Si kwa sababu ulinidanganya. Nilikasirika kwamba umeacha kunidanganya. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikarudi kazini. Nikawa nawaza, nani anajua? Wewe uko mbali. Gari limeharibika, giaboksi itakwenda kwenye chuma chakavu, na hukumu ya dereva imeshatoka. Niliyawaza hayo mchana mzima, mimi kaka yako, huku mwenzangu amekaa kwake hana kazi. Sijui ni nini kilichoniinua. Nadhani ni pale uliposema watoto wanashuka kwa miguu. Niliona vimiguu vyao.

Nikaenda kwa Vipimo nikamwomba geji. Akanipa bila kucheka. Angenicheka ningeumia zaidi, lakini ningepona haraka. Tukaileta giaboksi ya zahanati, tukatandika magunia, watu wakaja kukaa kama kawaida yao wakingoja nihukumu. Nikawaambia leo anahukumu yeye. Nikasimama pembeni nikawa nahamisha vipande anavyoniambia. Gia moja niliyokuwa nimeiua, ilikuwa bado chini ya benchi, nzima kabisa. Ringi ya gia ya pili niliyoipitisha, kibamba chembamba kuliko vyote hakikupata nafasi ya kupenya, maana yake ilishakwisha. Na meno yake ya ubavuni yalikuwa mviringo, kila aliyekaa pale aliyaona. Nikamuuliza Vipimo kwa nini hakuniambia siku ya giaboksi ya dada yangu. Akasema, "Nilikwambia, mzee. Unadhani geji nilikunyooshea ya nini?"

Kwa mganga mkuu nilisema mbele ya watumishi wake wote, sikuomba tuingie ndani. Nesi mwenye mkono uliofungwa alikuwepo. Nilitegemea anitukane. Akaniangalia vidole, akanikalisha, akachukua sindano kwa mkono wake mzima, akaniambia nitazame ukutani. Akauliza, "Unasikia?" Nikasema nasikia. Akasema hajanichoma bado. Nilikuwa nimetoka kukiri mbele ya watu wote wale, mdogo wangu, na bado ulimi ukadanganya wenyewe. Ni sukari. Wamenipa dawa. Ganzi wanasema huenda isirudi nyuma, ila dawa itaizuia isiendelee.

Mganga mkuu amesema dereva atarudi kazini. Niliomba niende kumwambia mimi mwenyewe. Nilimkuta anagonga misumari mguu wa kiti. Hakunikaribisha kukaa, na alifanya sawa. Nikamwambia yote nimesimama mlangoni. Aliendelea kugonga mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mimi nilijua gia imeruka yenyewe. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Lakini waliponiambia ni wewe uliyesema, nikaanza kujiuliza, labda mmoja ulikuwa kwenye gia. Mke wangu akiniuliza ilikuwaje, nashindwa kumjibu."

Hapo nililia. Mke wangu anasema tusiliandike hilo. Nimemwambia aliandike.

Ijumaa nakuja na lori la viazi. Nina gia ya tatu mpya na ya pili mpya, na geji ya kuazima. Giaboksi ataifungua fundi wako wa baiskeli, kwa sababu mke wangu ameniambia kwamba aliona na akasema, nami nitamwelekeza kuifunga. Kila kipande utakishika wewe na kuniambia unasikia nini. Nikibisha, pima mbele yangu. Wazazi uwaite wote, nitawaambia mwenyewe ni nani aliyepitisha gia ile, na usinitangulie kunitetea.

Mpaka nifike, gari lisishuke mlima ule, hata tupu, hata kwa mkanda. Watoto watembee, na wewe utembee nao.

Kaka yako